Kugawa Modeli ya Jengo: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi Zake

Miongoni mwa nyaraka zinazowatatiza watafsiri wetu siku hizi, zile za ujenzi zimechukua nafasi kubwa: mikataba, masharti ya zabuni, miongozo ya wizara na vitabu vya mafunzo. Ndani ya nyaraka hizo imeingia dhana ya modeli ya taarifa za jengo. Dhana yenyewe imekwisha kuzoeleka kwa kiasi fulani. Linalosumbua ni namna modeli hiyo inavyogawanywa ili mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mhandisi wa mitambo, fundi umeme na mkadiriaji majenzi waweze kufanya kazi pamoja bila ya kukanyagana. Hapo maneno ya Kiingereza ni mengi, yanapishana kwa maana, na mengine yamekwisha kupewa tafsiri za Kiswahili ambazo sisi tunaziona kuwa si salama.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya mgawanyo huo kabla ya kupendekeza istilahi yoyote. Tumechagua njia hiyo kwa sababu istilahi haiundwi kwa kulitazama neno la kigeni peke yake. Hapana budi kuitazama njia ambayo dhana imeipita hata ikafika ilipo. Aidha, jambo hili si la wasomi wa lugha tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba mgogoro wa jengo lililopasuka nguzo waweza kuamuliwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyomo katika mkataba, na mtafsiri aliyeyachagua maneno hayo hatakuwapo mahakamani kueleza alikusudia nini.

Yafaa kwanza tueleze modeli hiyo ni kitu gani. Katika ramani ya kawaida ya nyumba mna mistari, na mstari haujui kwamba ni ukuta. Katika modeli ya taarifa za jengo kila kilichowekwa humo hujulikana kwa jina na kwa sifa zake. Ukuta hujulikana kuwa ni ukuta; una urefu, kimo na unene, na umejengwa kwa matofali ya aina fulani. Mlango uliomo ukihamishwa, tundu lake huhama pamoja nao, na orodha ya milango hujirekebisha yenyewe. Ramani za kila ghorofa, mikato ya jengo, na hesabu za zege na nondo hutolewa humo humo. Ikiwa basi kila kitu kimo katika modeli moja, kwa nini igawanywe?

Jibu limo katika historia ya kazi yenyewe, ambayo ni kongwe kuliko kompyuta.

Mgawanyo wa taaluma

Katika pwani yetu, fundi aliyejenga nyumba za mawe ya matumbawe kule Lamu au Unguja kwa kawaida ndiye aliyepima na ndiye aliyepanga. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na elimu yote ya kazi ilikuwa kichwani mwake na mikononi mwa wanafunzi wake. Hapakuwa na karatasi ya kugawana. Neno letu fundi bado limebeba umoja huo, ndiyo maana ni vigumu kulitumia kwa mtaalamu wa sehemu moja tu bila ya kuliongezea neno jingine: fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme.

Huko Ulaya utengano ulianza mapema. Leon Battista Alberti wa Italia, katika kitabu alichokiandika katikati ya karne ya 15, aliitenga kazi ya akili ya kubuni jengo na kazi ya mikono ya kulijenga. Lakini utengano wa taaluma zenyewe, kila moja na chama chake na mitihani yake, ni zao la Uingereza ya karne ya 19. Chama cha wahandisi wa ujenzi kiliundwa mwaka 1818, cha wabunifu majengo mwaka 1834, cha wahandisi wa mitambo mwaka 1847, na cha wapima na wakadiriaji mwaka 1868. Sisi tuliurithi mgawanyo huo pamoja na mambo mengine ya ukoloni, na baadaye tukauandika wenyewe katika sheria zetu. Mwaka 1997 Tanzania ilitunga sheria tatu zilizofuatana: moja ya usajili wa wahandisi, moja ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na moja ya makandarasi. Ile ya wabunifu na wakadiriaji ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2010, lakini bodi zimebaki tatu. Kwa hiyo anayesema kwamba modeli ya jengo ni moja, na anayeitia sahihi awe mmoja, anasema jambo ambalo sheria hailitambui.

Karatasi angavu na pini

Kabla ya kompyuta kuenea, mgawanyo huu ulionekana wazi juu ya meza ya kuchorea. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ofisi nyingi za Marekani zilitumia utaratibu ambao wasomaji wetu wengi hawakuuona, nao unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, maana karibu kila dhana ya leo ilikwisha kuwamo.

Mchoraji alikuwa na ubao wenye safu ya pini ndogo ukingoni. Karatasi ngumu ya plastiki iliyo angavu ilitobolewa matundu yanayolingana na pini hizo. Mbunifu majengo alichora kuta na milango juu ya karatasi ya kwanza. Nakala yake, iliyotobolewa vivyo hivyo, ilipelekwa kwa mhandisi wa miundo, naye akaiweka juu ya pini zake na kutandaza karatasi tupu juu yake. Humo akachora nguzo na mihimili tu, bila ya kuzichora kuta upya. Mhandisi wa mitambo alifanya vivyo hivyo kwa njia za hewa na mabomba, na wa umeme kwa nyaya na taa. Siku ya kuchapa, karatasi zilizohitajika zilipangwa moja juu ya nyingine na kupigwa picha kwa pamoja. Fundi bomba aliyeko kazini alipata karatasi yenye kuta zilizofifia na mabomba yaliyokolea.

Tazama mambo yaliyomo hapa. Kila taaluma ilikuwa na karatasi yake na haikugusa ya mwenzake. Kuta zilichorwa mara moja tu, na mtu mmoja. Karatasi zilikaa sawasawa kwa sababu ya pini, wala si kwa bahati. Picha ya pamoja ilikuwa ni ya kutazamwa na kuchapwa. Kosa likionekana humo, mtu harekebishi picha, bali hurudi kwenye karatasi ya mwenye kosa. Na mbunifu akihamisha ukuta baada ya nakala kutoka, wahandisi waliendelea kuchora juu ya ukuta ambao haupo tena. Ugonjwa huo wa nakala zilizopitwa na wakati haujapona hata leo. Umebadilisha mavazi tu.

Kutoka tabaka hadi modeli

Historia ya kuchora kwa kompyuta kwa kawaida huanzishwa na Ivan Sutherland, ambaye mwaka 1963 alionyesha programu yake ya Sketchpad katika chuo cha MIT. Hatuna haja ya kukaa hapo. Kilichoingia katika ofisi za kawaida kilikuja miaka 20 baadaye, programu ya AutoCAD ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 1982 kwa kompyuta ndogo za mezani. Programu za namna hii ziliiga karatasi angavu. Kila karatasi iligeuzwa kuwa tabaka ndani ya faili moja, na mchoraji aliweza kuliwasha tabaka au kulizima. Neno tabaka limekubalika kwa urahisi katika Kiswahili, ingawa wasomaji wa umri wa wazazi wetu, waliolelewa katika mijadala ya ujamaa, hulisikia kwanza katika mapambano ya watu kabla ya kulisikia katika michoro.

Tabaka lilileta vurugu yake. Kila ofisi ilibuni majina yake, na faili ilipotoka ofisi moja kwenda nyingine hakuna aliyejua lipi ni la nani. Mwaka 1990 chama cha wabunifu majengo cha Marekani kilitoa mwongozo wa majina ambamo herufi ya kwanza ilionyesha taaluma: A kwa usanifu, S kwa miundo, M kwa mitambo, E kwa umeme. Mwaka 1998 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 13567 kuhusu jambo hilo hilo. Katika kiwango hicho jina la tabaka huanza kwa alama ya mhusika, ndipo hufuata alama ya kitu kilichochorwa. Tunalitilia mkazo jambo hili: kabla ya kuuliza ni nini, kiwango kinauliza ni cha nani.

Mwaka huo wa 1990 lilitokea jambo jingine lililopita kimya kimya. Toleo jipya la AutoCAD liliruhusu mchoro mmoja kuonyesha mchoro mwingine ndani yake bila ya kuumeza. Mhandisi aliuona ukuta wa mbunifu kwenye kioo cha kompyuta yake, lakini hakuweza kuubadilisha, na mbunifu akiurekebisha, mhandisi huupata ukiwa umerekebishwa kila afunguapo faili yake. Pini za ubao wa kuchorea zilikuwa sasa ni tarakimu, yaani nukta chanzo moja ambayo kila mchoro hupimwa kutoka kwake. Ofisi mbili zikitofautiana kuhusu nukta hiyo, jengo la mmoja huonekana limekaa mtaa wa pili.

Wakati huo huo wanazuoni walikuwa wakifuata njia nyingine. Mwaka 1975 Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon alichapisha makala katika jarida la chama cha wabunifu majengo cha Marekani akitetea kompyuta itumike mahali pa michoro, wala si kuichora michoro ile ile kwa haraka zaidi. Alitaka jengo lihifadhiwe kama mkusanyiko wa vitu, ili badiliko likifanywa mara moja lionekane katika michoro yote. Hiyo ndiyo mbegu ya modeli ya taarifa. Kwa muda mrefu wanaofuata fikra hiyo walidhani kwamba modeli ikishakuwa ya vitu badala ya mistari, haja ya kuigawa itakwisha. Wote watakaa kwenye meza moja na kula sahani moja.

Hapa ndipo makala ya Waholanzi wawili, G. A. van Nederveen na F. P. Tolman, yanapokuwa na umuhimu ambao haujatajwa vya kutosha. Makala hayo yalitoka mwaka 1992 katika jarida la Automation in Construction, na mara nyingi hutajwa kuwa ndiyo ya mwanzo kuandika jina kamili la modeli ya taarifa za jengo. Wengi huyataja kwa ajili ya jina hilo na kuishia hapo. Lakini mada yake ilikuwa mitazamo mingi juu ya jengo moja. Waandishi walieleza kwamba washiriki wa ujenzi hawalitazami jengo kwa jicho moja: chumba cha mbunifu ni nafasi ya watu kukaa, cha mhandisi wa mitambo ni hewa ya kupoozwa, na mhandisi wa miundo hukiona chumba hicho kama mzigo unaokalia mihimili. Kwa hiyo walipendekeza modeli za mitazamo mbalimbali, kila moja ikihifadhi yale yanayohusu mtazamo wake, nazo zihusiane. Jina la dhana na haja ya kuigawa vilizaliwa, kwa kusema kweli, katika kurasa zile zile.

Hata hivyo ndoto ya modeli moja haikufa. Mwaka 1994 kampuni 12 za Marekani ziliungana kutafuta lugha moja ambayo programu zote za ujenzi zingeielewa. Kundi hilo likawa la kimataifa, na tangu 2005 linajulikana kama buildingSMART. Kazi yao ilizaa muundo wa IFC, ambao mwaka 2013 ulikubaliwa kuwa kiwango kamili cha ISO namba 16739. Wako waliotumaini kwamba muundo huo utakuwa kisima kimoja ambacho kila mtu huteka humo na kumwaga humo. Katika kazi za kawaida umekuwa zaidi chombo cha kubebea: mhandisi hutoa modeli yake kwa muundo huo, mbunifu huipokea na kuitazama, na kila mmoja hubaki na yake. Sababu zilikuwa nyingi. Kompyuta hazikuweza kubeba hospitali nzima katika faili moja, na ofisi zilitumia programu tofauti. Lakini iliyo kubwa, kwa maoni yetu, haikuwa ya mashine. Hakuna mhandisi aliye tayari kutia sahihi kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukisogeza usiku.

Masijala na madaraja

Waliouweka utaratibu huu katika maandishi rasmi ni Waingereza. Kiwango chao cha BS 1192 cha mwaka 2007 kilieleza mahali pa pamoja pa kuhifadhia taarifa za mradi, penye hali nne. Kuna kazi inayoendelea, ambayo ni siri ya timu moja. Kuna iliyotolewa kwa wenzao waitazame na kuitegemea. Kuna iliyoidhinishwa kwa matumizi, mathalani kujengea. Na kuna iliyowekwa katika kumbukumbu. Modeli haivuki kutoka hali moja hadi nyingine bila ya kukaguliwa na mtu mwenye mamlaka.

Mwaka 2008 Mark Bew na Mervyn Richards walichora mchoro maarufu wa kabari wenye madaraja kuanzia 0 hadi 3. Daraja la 2 lilikuwa la modeli zilizotengwa kwa taaluma na kuletwa pamoja. La 3 lilikuwa la modeli moja iliyoungana kabisa. Mei 2011 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba miradi yake mikuu ifikie daraja la 2 kabla ya mwaka 2016 kwisha, na sharti hilo likaanza kutumika Aprili 2016. Ni vema mtafsiri atambue kwamba serikali ililazimisha daraja la kutengana, wala haikulazimisha lile la kuungana. Desemba 2018 ISO ilitoa sehemu mbili za kwanza za kiwango namba 19650, zilizojengwa juu ya vile vya Uingereza, na ndicho kinachotajwa sasa katika nyaraka nyingi zinazofika mezani kwa watafsiri. Kiwango hicho hakiyataji tena madaraja yale kwa namba, bali kinaeleza namna ya kuupanga mgawanyo wa modeli tangu mwanzo wa mradi.

Kwa nini upangwe tangu mwanzo? Tuchukue mfano wa zege la sakafu, ambalo mafundi huliita slabu. Mbunifu majengo analiweka katika modeli yake, kwa sababu bila ya sakafu hana mahali pa kusimamisha kuta. Mhandisi wa miundo analiweka katika yake, kwa sababu ndiye anayelipigia hesabu. Modeli mbili zikiwekwa pamoja, slabu mbili hukaa mahali pamoja na jicho huona moja. Sasa mkadiriaji majenzi anaiagiza programu imhesabie zege. Ikiwa sakafu ina urefu wa mita 30, upana wa mita 12 na unene wa sentimita 15, zege lake ni mita za ujazo 54. Programu humpa 108. Katika jengo la ghorofa nane kosa hilo hukua kiasi cha kuweza kumfukuzisha mtu kazi. Na lipo baya zaidi: mhandisi akiongeza unene wa slabu yake, ile ya mbunifu hubaki kama ilivyokuwa, na fundi aliyepewa ramani iliyotolewa katika modeli ya mbunifu hujenga nyembamba.

Kwa ajili hiyo chama cha wabunifu majengo cha Marekani kilitoa mwaka 2008 hati ya mkataba namba E202, yenye jedwali ambamo kila aina ya kijenzi huandikiwa mwenye dhamana yake katika kila hatua. Hatua ya kwanza slabu yaweza kuwa ya mbunifu. Hatua ya tatu ikawa ya mhandisi. Kule Uingereza kanuni za mkataba zilizotolewa mwaka 2013 na Construction Industry Council ziliweka wazi kwamba haki za modeli hubaki kwa aliyeitengeneza, na wengine hupewa ruhusa ya kuitumia kwa makusudi ya mradi.

Istilahi

Sasa twaweza kuyatazama maneno.

Kwa modeli zilizotengwa na kuletwa pamoja, tafsiri inayopendelewa na watafsiri wengi ni modeli ya muungano, au modeli iliyounganishwa. Sisi tunaipinga. Shina -unga lina maana ya vitu kushikamana hata vikawa kimoja. Mfupa uliovunjika huunga, na ukishaunga huwezi tena kumuuliza kila upande ni wapi unapoishia. Hiyo ndiyo modeli ya daraja la 3, yaani ile ambayo kiwango hakiizungumzii. Mkataba ukisema kwamba modeli za wataalamu zitaunganishwa, mwanasheria hodari anaweza kudai kwamba baada ya kuunganishwa dhamana ya kosa ni ya wote, au ni ya yule aliyeziunganisha, ambaye mara nyingi ni kijana mratibu asiyechora hata ukuta mmoja. Tunapendekeza modeli ya shirikisho. Walioshirikiana huleta kila mtu chake, na chake hubaki kujulikana. Raia wa kawaida huielewa tofauti hii bila ya kufundishwa: vilabu vya mpira vimo katika shirikisho lao, na hakuna anayedhani kwamba Simba na Yanga zimeungana.

Iko hoja moja dhidi ya pendekezo letu, nayo ni ya haki. Kitenzi kushirikisha kimekwisha kuchukuliwa na maana ya kumpa mtu nafasi ya kushiriki, kama wananchi washirikishwapo katika mpango wa kijiji. Kwa hiyo mtafsiri asiseme modeli zitashirikishwa. Aseme zitawekwa katika shirikisho. Ni maneno mengi zaidi, lakini mkataba hauchapwi kwa gharama ya neno.

Kwa sehemu ya modeli iliyo chini ya dhamana ya mtu mmoja tunapendekeza fungu la modeli. Watumishi wa serikali hawahitaji kuelezwa zaidi. Bajeti ya taifa hugawanywa katika mafungu, kila fungu lina namba yake na Afisa Masuuli wake, na fedha zikipotea Bunge halimuulizi mwingine. Bajeti ni moja, ni ya taifa. Dhamana ni ya fungu. Hatujapata mfano ulio karibu zaidi na dhana hii, na unafaa hata kwa mwalimu anayeifundisha kwa mara ya kwanza.

Mahali pa pamoja pa kuhifadhia taarifa pamekwisha kuitwa mazingira ya data, tafsiri ya neno kwa neno ambayo humpeleka msomaji kwenye misitu na vyanzo vya maji. Ofisi zetu zina neno la zamani na zuri, masijala. Katika masijala jalada halitoki bila ya kuandikwa limekwenda kwa nani, lina hali yake, na karani hujua lipi liko wazi na lipi la siri. Masijala ya pamoja ya taarifa ndilo pendekezo letu. Na maadam tumekubali masijala, kile ambacho kiwango cha 2018 hukiita kwa neno la makasha ya melini, yaani mkusanyiko wa taarifa wenye jina na unaoweza kutafutwa na kupatikana, tunakiita jalada la taarifa. Baadhi ya watafsiri wameandika kontena. Ni rahisi kutamka, lakini mkandarasi anayesoma kwamba kontena litawasilishwa kila Ijumaa atatafuta winchi. Faili ibaki kwa faili ya kompyuta, kwa kuwa faili moja yaweza kubeba majalada kadhaa.

Mabomba yanapopita ndani ya boriti, tumekubali mgongano, na hapo hapana ubishi.

Limebaki neno moja gumu, la mgawanyo wa kimahali. Kiwango cha 2007 kililitumia neno la Kiingereza ambalo pia ni la juzuu ya kitabu, la ujazo wa debe na la sauti ya redio, likiwa na maana ya nne: sehemu ya jengo iliyotengwa ili zaidi ya mtu mmoja waweze kufanya kazi kwa wakati mmoja, kama vile mrengo wa mashariki, au nafasi iliyo juu ya dari iliyoachiwa mhandisi wa mitambo. Tumeona tafsiri zilizoandika juzuu, na moja iliyoandika sauti. Waingereza wenyewe wameliacha. Katika marekebisho ya mwaka 2021 ya nyongeza yao ya kitaifa wameugawa mgawanyo huo mara mbili, wa kazi ya kitu na wa mahali pake. Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo wa kimahali kwa dhana, na kipande kwa sehemu moja moja, tukitahadharisha kwamba kipande kisichanganywe na fungu. Kipande kimoja, mathalani ghorofa ya tatu, hupitiwa na mafungu ya taaluma zote. Na fungu la mhandisi wa miundo hupita katika vipande vyote kuanzia msingi hadi paa. Katika nyaraka za zamani zilizoandikwa kwa kufuata kiwango cha 2007, ambazo bado zinatumika katika miradi iliyoanza kabla ya mabadiliko hayo, mtafsiri aandike kipande kila anapolikuta neno hilo, isipokuwa pale linapohusu kweli kweli ujazo wa zege au wa hewa, na mahali hapo namba ya mita za ujazo itakuwa imesimama kando yake.